Kasi ya Risasi na Daftari la Karani

Katika ukoo wetu bunduki imezungumzwa zaidi kuliko ilivyoonekana. Babu yetu mzaa baba alizaliwa Oman ya ndani, na katika siku za ujana wake, mwanzoni mwa karne ya 20, Maskati ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya silaha katika bahari zetu. Bunduki za Martini-Henry, ambazo jeshi la Uingereza lilizipokea mwaka 1871 na baadaye kuziacha kwa ajili ya zilizo bora zaidi, zilishushwa pale kwa makasha, zikauzwa kwa watu wa milimani na kwa wanunuzi wa ng'ambo, hata mwaka 1912 ilipowekwa bohari maalumu ya silaha na biashara ile ikabanwa. Babu alikuwa nayo moja. Aliiuza kabla ya kupanda jahazi kwenda Unguja, na nauli yake, kwa mujibu wa marehemu baba, ilitoka humo.

Iliyobaki ni hadithi, pamoja na ganda moja la risasi la shaba analolihifadhi shangazi yetu Maskati ndani ya kibweta cha udi. Ganda lile limepasuka mdomoni, dalili ya kuwa lilijazwa na kupigwa, likajazwa tena na kupigwa tena, mara nyingi kuliko alivyokusudia fundi aliyelitengeneza. Babu alikuwa akijaza risasi zake mwenyewe. Baruti nyeusi aliipima kwa kipande cha mwanzi kilichokatwa kwa urefu aliourithi kwa mwingine, na kichwa cha risasi alikimimina kwa kalibu.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu mwaka huu nimeulizwa na jamaa kadhaa, baadhi yao kwa mshangao na mmoja kwa hasira, imekuwaje mzee kama mimi, karani mstaafu asiyepata kumiliki hata manati, nionekane kila Jumamosi ya pili katika uwanja wa shabaha kusini mwa Uingereza nikiwa na daftari mapajani. Jibu ni fupi. Mtoto wa marehemu kaka yangu amerithi mapenzi ya babu, na mama yake, shemeji yangu, aliniomba nifuatane naye. “Shemeji,” aliniambia, “mimi mambo yale siyajui, lakini najua uso wake uko karibu mno na kile chuma.” Maneno yale hayakunitoka kichwani.

Sheria ya hapa humruhusu mwenye cheti cha bunduki kutoka polisi kununua baruti isiyo na moshi na fataki, na kujaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe. Kijana wetu ana Lee-Enfield namba 4 iliyotengenezwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, bunduki ya 303 ambayo wengi wetu tuliiona mikononi mwa askari tulipokuwa watoto. Ganda lililokwisha kupigwa husafishwa, hurejeshwa umbo lake kwa kalibu ya chuma, hutiwa fataki mpya kitakoni, hupimiwa baruti kwenye mizani, kisha kichwa kipya hukandamizwa mdomoni. Baruti hupimwa kwa greini, na greini 7,000 hufanya ratili moja. Kwa hiyo anaposema amezidisha greini 0.3, anazungumzia kitu ambacho ukikipuliza kitapotea.

Baada ya kujaza huja kupima kasi. Mwingereza Benjamin Robins alikwisha kuifanya kazi hiyo mwaka 1742: alipiga risasi kwenye gogo lililoning'inizwa, akatazama gogo limeyumba kiasi gani, akapata kasi kwa hesabu. Zaidi ya karne moja baadaye Le Boulengé, afisa wa Ubelgiji, alibuni chombo kilichotumia nyaya mbili zilizokatwa na risasi na fimbo iliyoanguka wakati huohuo. Vijana wa leo wana kisanduku cha rada kisichozidi kitabu, hukiweka kando ya bunduki nacho husoma kasi ya kila risasi kabla moshi haujatawanyika. Tarakimu zenyewe hazina matata. Nilichokikuta matata ni namna zinavyosomwa.

Siku ya kwanza alikuja na risasi kumi. Kila moja ilizidi iliyotangulia kwa greini 0.3, na ya kumi ilikuwa sawasawa na kiwango cha juu kabisa kilichotajwa katika kitabu cha kujazia. Njia hii inapendwa sana na wapiga shabaha wa siku hizi. Hupanda ngazi kwa risasi mojamoja, huandika kasi ya kila daraja, kisha hutafuta mahali ambapo kasi haipandi ingawa baruti inaongezwa. Mahali hapo wanapaita uwanda, na wanaamini kwamba hapo bunduki “imetulia”: ukikosea kidogo kwenye mizani, kasi haitabadilika.

Niliandika alivyonisomea, kwa futi kwa sekunde: 2,298, 2,311, 2,329, 2,334, 2,352, 2,371, 2,374, 2,398, 2,401, 2,403.

Alifurahi mno. “Ami, unaona? Ya nane, ya tisa na ya kumi. Greini 0.6 nzima na kasi imeongezeka futi 5 tu. Huu ndio uwanda.” Alikuwa tayari kuchagua daraja la tisa na kujaza risasi 200 kwa ajili ya mashindano ya kiangazi. Nami nilikuwa sijui lolote kuhusu bunduki, lakini kuhusu safu za tarakimu nilikuwa nimekula mshahara wake miaka 31.

Nikamuuliza swali moja la kikarani: ukipiga risasi mbili zilizojazwa sawasawa, kwa uzani uleule, zitasoma kasi moja? Akasema la, zitatofautiana. Kwa kiasi gani? Akakisia futi 10, pengine 15. Basi nikamwonyesha mstari wa kwanza na wa mwisho wa daftari. Kutoka 2,298 hadi 2,403 ni futi 105, zimegawanywa katika hatua tisa: kwa wastani chini kidogo ya futi 12 kwa hatua. Yaani kile anachokitafuta kina ukubwa wa futi 12, na kelele iliyokizunguka ni futi 10 au 15. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona karibu na mashine ya kusaga.

Jambo hili linastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndilo moyo wa suala lote. Tuseme kasi ya kweli inapanda kwa ukawaida kabisa, futi 12 kila hatua, bila uwanda wowote. Na tuseme kila risasi hupotoka na kasi yake ya kweli kwa futi 11 hivi, mara juu mara chini. Unapolinganisha risasi mbili zinazofuatana, unalinganisha kupotoka kuwili, na kuwili huko kukichanganyika kunakuwa kama futi 15 au 16. Kwa hiyo zaidi ya mara moja katika kila mara tano, risasi yenye baruti nyingi itasoma kasi ndogo kuliko iliyoitangulia, kwa bahati tu. Na mara nyingi zaidi zitakaribiana mno. Katika ngazi yenye hatua tisa, kutoona uwanda wowote ndiko kungekuwa jambo la kushangaza.

Hakukubali, na sikumlaumu. Jioni ile nyumbani kwa mama yake niliomba dadu mbili za watoto. Niliandika mstari ulionyooka, 2,300 na kuendelea, nikiongeza 12 kila hatua. Kisha kwa kila hatua nikatupa dadu, nikatoa 7 katika jumla yake, nikazidisha kwa 4, nikaongeza au kupunguza. Hiyo ni kelele ya futi 10 hivi, safi kabisa, haina baruti wala mtutu. Nilitengeneza ngazi kumi za namna hiyo, nikampa aniainishie nyanda. Alizipata katika saba. Mbili kati ya hizo, alisema, ni nzuri kuliko ya asubuhi. Shemeji alicheka hadi akaweka chini sahani ya mikate ya kumimina. Kijana hakucheka, ila alizichukua zile karatasi akaondoka nazo, na nadhani zilimsumbua usiku ule kuliko maneno yangu.

Baada ya wiki mbili tulirudi na risasi kumi nyingine, zilizojazwa sawa na za mwanzo. Zilisoma 2,309, 2,305, 2,322, 2,351, 2,349, 2,353, 2,380, 2,379, 2,396, 2,421. Uwanda ulikuwa umehama. Sasa ulikuwa daraja la nne, la tano na la sita. Kule juu, palipokuwa pametulia, kasi iliruka futi 25 kwa hatua moja. Lakini ukiiacha risasi mojamoja na kutazama mpando mzima, siku zote mbili zinasema jambo moja: mara ya kwanza futi 105, mara ya pili 112. Mteremko wa jumla ndio habari ya kuaminika iliyomo katika jaribio hilo, nayo ni habari nzuri, kwa kuwa inakueleza kila greini inanunua kasi kiasi gani katika bunduki hiyo. Hapa ni kama futi 40.

Marehemu baba alikuwa karani wa bohari ya karafuu Unguja. Alitusimulia kwamba mkaguzi hakuridhika na konzi iliyochotwa juu ya gunia. Juu ya gunia kila mtu huweka karafuu nzuri. Alichoma bambo ubavuni, chini na katikati, akatoa sampuli za pande zote, kisha akachoma magunia mengine ya shehena ileile. Risasi moja kwa kila daraja ni konzi ya juu ya gunia.

Kwa hiyo tulikubaliana tuchague madaraja mawili tu, la tano na la tisa, na kupiga risasi 30 za kila moja: kumi kumi kwa siku tatu tofauti, tukibadilishana, ili jua au ubaridi wa siku moja usilipendelee daraja moja. Jamaa zetu wenye haraka watasema ni gharama. Ni kweli, na bega lake lilitoa ushahidi. Lakini risasi 200 zilizojazwa kwa kuamini uwanda usiokuwepo ni gharama kubwa zaidi.

Hapa lazima nieleze vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni tofauti kati ya risasi ya kasi kubwa na ya kasi ndogo katika kundi. Hiki kinapendwa kwa sababu hakihitaji hesabu, nacho ndicho kinachodanganya zaidi, maana hukua kadiri unavyopiga. Ikiwa kupotoka kwa kawaida ni futi 11, risasi tatu zitakupa tofauti ya futi 19 hivi, tano zitakupa 26, kumi 34, na thelathini 45. Bunduki ni ileile, baruti ni ileile. Mtu anayejisifu kwamba risasi zake tatu zimetofautiana futi 12 tu, na mwenzake aliyepiga kumi zikatofautiana 34, hawajui nani kati yao ana risasi bora, nami sijui, wala rada haijui.

Cha pili ndicho wanahesabu hukiita mkengeuko wastani: kwa kawaida risasi hupotoka kiasi gani na wastani wake. Hiki ni bora, kwa sababu hakikui kwa kuongezeka risasi, hutulia. Lakini hutulia polepole. Risasi tano za mwanzo za daraja la tisa zilitoa mkengeuko wa futi 6, na kijana alinitazama kama wakili aliyeshinda kesi. Nilimwandikia pembeni kwamba kwa risasi tano, 6 hiyo yaweza kuwa 4 kwa kweli, na yaweza pia kuwa 17. Hesabu haikuruhusu kudai zaidi ya hapo. Kwa risasi kumi wigo hupungua, lakini bado mkengeuko wa kweli unaweza kuwa chini kwa theluthi moja au juu kwa zaidi ya nusu ya ulioupata. Kwa 30 unaanza kusema jambo na kulisimamia: chini kwa sehemu moja ya tano, juu kwa theluthi.

Siku ya pili ulizuka ugomvi mdogo. Risasi moja ya daraja la tano ilisoma 2,322, chini sana ya wenzake. “Hiyo ifute, Ami, hiyo si yake.” Nikakataa. Akasema labda ganda lilikuwa na kasoro. Nikamuuliza: ulipolitia baruti uliiona kasoro hiyo? La. Ulipofyatua, ulihisi lolote? La. Basi sababu pekee ya kuifuta ni kwamba hatuipendi. Gunia lililolowa huandikwa katika daftari ya bohari pamoja na yaliyo makavu. Ukiliacha, hesabu yako ni safi na bohari yako inaoza. Kanuni yangu, ambayo sasa ameiandika yeye mwenyewe ndani ya jalada la daftari, ni kwamba risasi huondolewa kwa sababu iliyoandikwa kabla ya kuisoma kasi. Baada ya kuisoma, hubaki.

Hesabu ilipofungwa, daraja la tano lilikuwa na wastani wa 2,347 na mkengeuko wa 11, na tofauti ya kubwa na ndogo futi 46. Daraja la tisa: wastani 2,397, mkengeuko 12, tofauti 49. Kwa uthabiti hakuna cha kuyatenganisha. Zile 6 nzuri za asubuhi zilikwisha kuyeyuka katika risasi ya kumi na tano.

Hivyo likabaki swali la kasi yenyewe: je, futi 50 za ziada zina faida? Kijana huyu hupiga yadi 100 wakati wa mazoezi na 600 wakati wa mashindano. Kwa yadi 100 risasi ya 303 hushuka inchi 3 na kitu tu kwa uzito wake, na kasi ikibadilika kwa asilimia moja kushuka huko hubadilika kwa upana wa mstari wa kalamu. Anayejaribu kuona ubora wa kasi kwenye karatasi ya yadi 100 anatazama mahali pasipo na habari hiyo. Kwa yadi 600 mambo ni mengine: asilimia hiyohiyo moja humfikisha takriban inchi 3 juu au chini. Kwa hiyo mtawanyiko una maana huko. Lakini wastani ukishuka kwa futi 50, dawa yake ni kupandisha kilengeo cha nyuma kidogo, mara moja, basi. Shabaha haiulizi risasi imefika kwa kasi gani maadamu zote zimefika pamoja.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo wapenda kasi huliruka, nami ndilo lililonifanya niendelee kwenda uwanjani hata siku za mvua. Kasi hainunuliwi bure. Inanunuliwa kwa mkandamizo ndani ya chemba, na mkandamizo haupandi sambamba na kasi. Karibu na kilele, kasi huongezeka kidogo na mkandamizo huongezeka sana. Mtu wa nyumbani hana chombo cha kuupima. Ana dalili: bolti kuwa nzito kufunguka, fataki kubonyea na kuwa bapa, ganda kurefuka. Dalili hizi huchelewa, na katika Lee-Enfield, ambayo bolti yake hujifunga kwa nyuma na kunyumbuka kidogo, maganda huchoka mapema. Rada humpa dalili nyingine, nayo ni ya mapema zaidi: ikiwa kitabu kinasema baruti hii kwa uzani huu hutoa kasi fulani kwa mtutu wa urefu kama wako, na wewe umeipata kasi hiyo kwa uzani mdogo zaidi, usijipongeze kwa kuwa na mtutu mwepesi. Umeufikia mkandamizo wa kitabu kabla ya kuufikia uzani wake. Simama hapo.

Ndiyo maana uwanda ule wa kwanza ulinitia hofu kuliko uliomtia yeye furaha. Ulikuwa kileleni. Aliusoma kama mahali pa usalama, mahali ambapo baruti huongezwa na hakuna kinachotokea, ilhali siku ya pili mahali hapohapo palitoa risasi ya futi 2,421. Nilimwambia maneno ya mama yake kama yalivyo, kuhusu uso na chuma. Hakujibu. Alifunga kasha lake, na tulipofika kwenye gari akasema, “La tano, basi.”

Kuna mtego mwingine, wa joto. Baruti iliyopata moto huwaka kwa haraka zaidi, na risasi iliyoachwa ndani ya chemba ya bunduki iliyokwisha kupigwa mara ishirini si sawa na iliyokaa kivulini. Tulizipima risasi zetu katika masika ya Uingereza, ambayo kwa mtu wa Unguja ni jokofu. Ametamani siku moja akapige Oman, kwenye nchi ya babu. Nikamwambia akienda, asiende na kilele cha Uingereza. Kiangazi cha Nizwa kitamwongezea kasi asiyoiomba, na mkandamizo pamoja nayo. Daraja la tano lina nafasi ya kupokea joto. La tisa halina.

Na nisije nikadhaniwa kuwa mtumwa wa tarakimu, nitaje jambo linalonifurahisha katika bunduki hii ya kizamani. Wapiga shabaha wa Uingereza walijua tangu mapema katika karne iliyopita kwamba Lee-Enfield kwa masafa marefu hukusanya risasi vizuri kuliko mtawanyiko wa kasi yake ungekufanya utarajie. Mtutu hutikisika wakati wa kufyatua. Risasi ya polepole huchelewa kutoka, na inapotoka huwa mdomo wa mtutu umeinuka kidogo zaidi, hivyo hutupwa juu zaidi, na kwa umbali fulani hukutana na mwenzake wa kasi. Rada haiwezi kuyaona hayo. Kwa hiyo baada ya kuzichagua risasi kwa hesabu, bado lazima zipigwe kwenye umbali zitakapotumika, kwa makundi ya kutosha, na karatasi za shabaha zitunzwe kama zinavyotunzwa tarakimu. Anazitunza. Zimejaa kabati la mama yake.

Sasa narudi kwa babu kidogo, kwa sababu nina haja na nyinyi. Hadithi mashuhuri ya ukoo ni kwamba aliwahi kuvunja mtungi kwa risasi moja kutoka upande wa pili wa wadi. Nimeisikia kwa shangazi watatu. Mmoja alisema ni hatua 200, wa pili 300, wa tatu alisema kutoka mlimani hadi falaji, na falaji ile nimeiona kwa macho yangu: ni zaidi ya hatua 500. Martini-Henry hupeleka kichwa cha greini 480 kwa kasi ya futi 1,350 hivi kwa sekunde. Kwa umbali wa shangazi wa tatu ingembidi alenge mbingu. Kijana wetu anampenda shangazi wa tatu. Mimi nimeandika zote tatu, kila moja na jina la aliyeisimulia na mwaka niliosikia, na sikufuta hata moja.

Sampuli ya watatu ni ndogo. Waliohamia Dubai, Toronto na Kopenhagen walikuwa na mabibi na mababu waliokaa barazani pamoja na babu, nao bila shaka walisikia. Niandikieni mlivyosikia: umbali, mtungi au chungu, na nani aliyekusimulieni. Msirekebishe ili ufanane na wa mwenzenu.

Wiki iliyopita kijana alifungua kopo jipya la baruti, la aina ileile lakini la namba nyingine ya kiwanda. Daraja la tano lilisoma wastani wa 2,331 kwa risasi kumi za mwanzo. Ni futi 16 chini ya daftari, na risasi kumi hazitoshi kusema ni kiasi gani hasa. Tumebakiza 20, tunangoja mvua ipungue.